Kundi la vijana wenye kiwewe makaoni: namna ya kuliendesha bila kuwachimba

Walezi wanaotaka kuanzisha kundi huniuliza swali lilelile: nitafanyaje hadi vijana wafunguke? Jibu langu huwa haliwapendezi. Usiwafungue. Kijana wa miaka 15 aliyebakwa, aliyechomwa mikono kwa maji ya moto au aliyeona baba akimuua mama hajakosa watu wa kumwambia asimulie. Ameshasimulia polisi, kwa afisa ustawi, kwa daktari, mahakamani, na mara nyingine kwa mgeni aliyekuja na kamera na katoni za biskuti. Alichokosa ni watu wazima wanaojua la kufanya pale mwili wake unaporuka kwa sababu tu mtu amebamiza mlango.

Nafanya kazi katika makao ya watoto upande wa Iringa. Mabinti zetu wengi wamepitia kazi za ndani mjini, wavulana wengi wamepitia stendi na masoko, na wapo waliofiwa na wazazi wote wawili kabla hawajaanza darasa la kwanza. Niliingia kama matroni wa bweni, unasihi nikausomea baadaye. Kwa hiyo nawaandikia walezi wenzangu ambao hawana mwanasaikolojia jirani, ila wana mikeka, chumba cha kujisomea na saa moja na nusu kwa wiki.

Jambo moja lishike kabla ya yote. Kundi la hospitali likimalizika, kila mtu anakwenda kwake. La kwetu likimalizika jioni, saa tatu usiku wale wale wanapanda dabodeka zile zile, mmoja juu mwingine chini. Kilichosemwa mkekani kinaingia bwenini. Siri ya mtu inaweza kuwa jina lake la utani kesho kwenye foleni ya uji. Karibu kila ninachokueleza hapa chini kimetoka kwenye ukweli huo.

Anza na watu wa zamu

Kabla hujamwita kijana hata mmoja, kaa na mlinzi, mpishi, matroni wa usiku na patroni. Wewe una saa moja na nusu. Saa zilizobaki za wiki ni zao. Waeleze kiwewe ni nini kwa maneno ya kawaida, kwamba ni jeraha linalobaki akilini na mwilini baada ya tukio la kutisha, halafu waombe mambo madogo yanayowezekana. Asubuhi mtu asiamshwe kwa kuvutwa shuka: simama miguuni pa kitanda, mwite jina. Tochi imulike sakafu, si uso. Mlango wa bati uwekewe kipande cha mpira wa tairi usibamize. Ukitaka kuingia bwenini usiku, kohoa au sema "hodi, ni mama fulani" ukiwa bado nje.

Tulikuwa na binti mmoja, nimwite Neema ingawa si jina lake. Daftari la zamu lilimwandika "jeuri". Akiambiwa usiku arudi kitandani hasogei, anakaza macho ukutani, hajibu lolote. Tulipolipitia daftari kwa utulivu tukaona "amegoma" zote zimeangukia kwenye zamu ya mlinzi mmoja, mzee mpole kabisa, mwenye bunda la funguo kiunoni. Faili la ustawi la Neema lilisema kwenye nyumba aliyofanyia kazi, baba mwenye nyumba ndiye aliyeshika funguo za vyumba vyote. Hatukumuuliza Neema kitu. Tulimwomba mzee azifunge funguo kwa kipande cha kanga kuukuu, na awe anakohoa akikaribia. "Kugoma" kukakoma ndani ya wiki chache. Kundi lenyewe lilikuwa halijaanza.

Na fimbo. Kama makaoni kwenu mtoto bado anachapwa, ahirisha kundi, malizaneni na hilo kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliofanya kazi na makao ya watoto hapa Tanzania walikuta sehemu kubwa ya ukatili walioupata watoto ulikuwa ndani ya makao yenyewe, na matibabu ya kiwewe yakaenda sambamba na kubadilisha namna walezi wanavyolea na kuadhibu. Huwezi kumfundisha mtu kutulia saa kumi jioni halafu saa kumi na mbili achapwe kwa kuchelewa kuosha sufuria.

Nani aingie, nani asubiri

Chukua sita hadi wanane. Wakizidi kumi umepata darasa. Wasichana peke yao na wavulana peke yao. Wa miaka 13 na 14 usiwachanganye na wa 17. Angalia bwenini nani anamtesa nani, maana vijana huumizana wao kwa wao, na ukimweka mtesi na mteswa mkeka mmoja umempa mtesi silaha mpya. Hilo waulize wapishi. Wapishi wanajua kuliko ofisi.

Wavulana wasisahaulike. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Bado nakutana na makao ambayo kundi la wasichana lina ratiba na vifaa, wavulana wamepewa mpira wa miguu tu.

Zungumza na kila mmoja faraghani kabla. Usiulize kilichompata. Uliza analalaje, nini humpandisha hasira haraka, anapenda kufanya nini, na angependa nani asiwe kwenye kundi lake. Mweleze mtakachofanya na kwamba anaweza kukataa, na akikataa hakatiwi chochote, si chai wala sare. Afisa ustawi wa jamii ataridhia kwa niaba yake kiutaratibu, lakini ridhaa ya kijana mwenyewe usiiruke.

Wapo wasioanzia kundini. Anayesema anataka kufa, anayejikata, anayesikia sauti, aliyeacha kula, na yule ambaye tukio limempata wiki hii. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2013 kwamba mtu aliyetoka kupatwa na tukio la kutisha asikalishwe kusimulishwa tukio lake kama njia ya kumkinga na kiwewe. Huyo anahitaji usingizi, chakula, ulinzi na mtu wa karibu. Wengine niliowataja wanahitaji kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa, na ikibidi rufaa hadi hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Ujue tu kwamba "utapelekwa Mirembe" ni tusi la kila siku kwa vijana wetu. Kwa hiyo mweleze mapema anakwenda kumwona nani na kufanya nini, msindikize mwenyewe, na ukae naye kwenye benchi hadi aitwe.

Jina la kundi walichague wao. Ukiliita "kundi la waathirika", umewabandika kibao mgongoni watembee nacho shule nzima. Yetu yamewahi kuitwa kwa siku ya wiki, kwa timu ya mpira, na moja liliitwa "Makande", sababu sikuambiwa hadi leo.

Chumba na saa

Kwetu ni katikati ya wiki, saa kumi jioni baada ya shule, kumaliza saa kumi na moja na nusu, na chakula cha usiku kinafuata muda si mrefu. Mpangilio huo ni wa makusudi: mtu aliyetikisika apate kula, kuoga na kucheka na wenzake kabla ya giza. Usiweke kundi usiku. Usiliweke siku ya kutembelewa na ndugu, maana wapo wasiotembelewa, wala wiki ya mitihani. Juni na Julai baridi ya huku haina huruma, tunagawa mablanketi, na chai ya tangawizi inatangulia.

Mlango uwe umerudishwa bila kufungwa. Kila mtu akae mahali anapouona, asiwepo mwenye mgongo wazi kwa mlango. Weka mikeka na viti vyote viwili. Kuna wasioweza kukaa chini, na kuna wasiotaka kulala chali hata kwa mazoezi. Waendeshaji wawe wawili, mmoja akiongoza mwingine anaangalia nyuso, na ndiye atakayetoka na kijana akihitaji kutoka. Wageni, wafadhili na simu za kupigia picha havivuki kizingiti. Hili nalikazia kwa sababu shinikizo litakuja, tena kwa upole: "tupate picha moja tu ya ripoti."

Makubaliano, na ukweli kuhusu siri

Siku ya kwanza wape karatasi ya manila waandike sheria zao. Wataandika nyingi za kishule, usichelewe, usitukane, waache. Wewe ongeza mbili. Ya kwanza: kila mtu ana haki ya kusema "napita" na hakuna atakayemuuliza kwa nini. Wajaribu papo hapo. Rushianeni mpira wa makaratasi, anayeudaka ataje chakula anachokichukia au aseme "napita". Mwendeshaji naye apite angalau mara moja, waone kwamba inawezekana.

Ya pili ni siri, na hapo usiwadanganye. Usiahidi kwamba chochote kitakachosemwa hakitatoka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe serikali ya mtaa. Mimi husema hivi: "Ya mwenzako hayatoki hapa. Mimi pia siyatoi, isipokuwa mtu anaumizwa sasa hivi, au anataka kujiumiza, au anataka kumuumiza mtu. Hapo nitasema, na nitakuambia wewe kwanza nitamwambia nani." Wakumbushe kila wiki. Namba 116 ya simu kwa mtoto ibandikwe ukutani, ili wajue kuna wa kumpigia hata kama anayewaumiza ni sisi walezi.

Halafu sheria ya bwenini: yaliyosemwa kundini hayaulizwi kitandani, hata kwa huruma. "Kwani wewe ilikuwaje?" saa nne usiku, taa zimezimwa na hakuna mlezi chumbani, ni swali la hatari.

Wiki za mwanzo ni za mwili

Usiharakishe. Mikutano mitatu au minne ya mwanzo tunazungumzia mwili tu. Nawaambia ndani ya kichwa kuna mlinzi. Mlinzi aliyewahi kuvamiwa usiku hawi tena mlinzi wa kawaida: paka akiruka ukuta anapiga filimbi, jani likianguka anapiga filimbi. Hana kichaa, anafanya kazi yake kupita kiasi kwa sababu mara ile alichelewa. Kisha nauliza: wa kwako akipiga filimbi, mwili unafanyaje? Hapo hutamsikia mtu anayesimulia tukio, lakini utasikia mengi. "Mikono inakuwa ya baridi." "Nasikia kwa mbali." "Nakuta nimeshampiga mtu." "Nakojoa." Mmoja akisema la kukojoa na wenzake wasicheke, ujue kundi limeanza.

Kijana aliyeambiwa maisha yake yote kwamba ana mapepo, ana kiburi au ni mvivu, akielewa kwamba kuganda na kushtuka ni kazi ya mwili uliowahi kuwa hatarini, uso wake hubadilika. Naona hili zaidi kwa wavulana. Aibu yao kubwa huwa ni kwamba waliganda, hawakupigana.

Baada ya hapo mnazoea kumtuliza mlinzi. Pumzi: vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita. Ile ya kutoa ndiyo inayotuliza, kwa hiyo iwe ndefu. Lakini wapo ambao ukiwaambia wasikilize pumzi hofu ndiyo inapanda, hasa waliowahi kukabwa au kuzibwa mdomo. Wape njia nyingine: kukanyaga sakafu kwa nguvu kisigino baada ya kidole, kusukuma ukuta kwa viganja hadi hesabu ya kumi halafu kuachia, maji baridi usoni, kutaja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia. Macho yabaki wazi. Ile "fumbeni macho" ya kwenye semina iache kwenye semina; akitaka kufumba afumbe mwenyewe.

Watacheka. Kijana wa miaka 16 akisukuma ukuta mbele ya wenzake lazima kicheko kitoke, nacho pia hushusha mwili, kisikukere. Fanyeni kila kitu wakiwa wametulia, wiki baada ya wiki, kwa sababu njia inayojaribiwa mara ya kwanza katikati ya hofu haifanyi kazi.

Michezo nayo ina nafasi, ila ichague. Rede mabinti zetu wanaipenda sana, lakini ni mchezo wa kusimama katikati ukirushiwa mpira na pande mbili. Niliona binti amesimama pale kati ameganda, mpira unampiga begani na hakwepi. Sasa kwenye kundi tunaimba kwa kuitikiana, tunapiga makofi kwa midundo, tunacheza ngoma. Rede inabaki uwanjani kwa anayeitaka.

Mti

Katikati ya safari tunachora mti. Njia hii ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, pamoja na David Denborough wa Australia, kwa ajili ya watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI waliokuwa wakifika kambi ya Masiye, huko Zimbabwe. Naipenda kwa sababu inampa kijana mahali pa kusimama kabla ya kugusa maumivu.

Kila mmoja anachora mti wake. Mizizi ni alikotoka. Ardhi ni maisha yake ya kila siku sasa. Shina ni anavyoviweza, matawi ni anayoyatamani mbele, majani ni watu muhimu kwake, walio hai na waliokufa, na matunda ni alivyopewa na wengine. Miti ikiisha inabandikwa ukutani, inakuwa msitu, na kila mtu anazunguka akiandika neno jema kwenye miti ya wenzake. Ndipo mnazungumzia dhoruba zinazopata misitu, kwa ujumla: zipi huwapata vijana, miti hufanya nini dhoruba ikija, nini huusaidia usianguke. Hakuna anayeulizwa dhoruba yake. Wengine watasema wenyewe kidogo, kwa kiasi wanachoweza.

Makaoni mti una sehemu mbili ngumu. Ya kwanza ni mizizi. Unamwambiaje aliyeokotwa stendi akiwa na miaka mitatu achore alikotoka? Mwambie aandike wimbo wa kwanza anaoukumbuka, chakula cha kwanza alichokipenda, lugha aliyoisikia utotoni hata kama haielewi tena, mtu aliyempa jina analolitumia. Kijana mmoja mizizi yake yote ilikuwa majina ya mabasi aliyokuwa akilala chini yake. Nilimwacha. Aliyajua yote na njia zake, na kwenye shina mwenzake akamwandikia "anajua barabara zote".

Sehemu ya pili ni majani, kwa anayesema sina mtu. Usimbishie, wala usijitaje wewe. Uliza nani aliwahi kumpa kitu bila kutaka malipo. Mama ntilie aliyemwachia ukoko wa wali, bibi aliyekufa, mwalimu wa darasa la pili, mbwa wa jirani. Wote ni majani halali.

Mti mmoja unahitaji mikutano miwili, usiubane kwenye mmoja. Wavulana wakikuambia kuchora ni kwa watoto wadogo, wape chaki wachore sakafuni miti mikubwa ya kutembelea juu yake. Sijaona anayekataa chaki.

Mmoja akianza kumwaga

Pamoja na tahadhari zote, siku moja mtu ataanza. Sauti itabadilika, atatazama chini, na tukio litatoka lote na vipande vyake. Usimkate kwa ukali, na usimwache aende hadi mwisho wenzake saba wakisikiliza. Sogea kidogo, umwite jina, useme: "Asante kwa kutuamini. Hilo ni zito na linastahili muda wake. Mimi na wewe tutakaa nalo leo leo, kabla ya chakula." Halafu simamisha wote. Maji, kukanyaga sakafu, kuangalia dirishani na kutaja vinavyoonekana. Uliza kila mmoja yukoje, kwa kidole gumba juu, katikati au chini, si kwa maelezo.

Na ile "leo leo" iwe leo. Ukiisogeza hadi kesho umekuwa mtu mzima mwingine aliyesikia akaondoka. Mkikaa, sikiliza bila kudodosa: usiulize ilikuwa mara ngapi, alivaa nini, alimshika wapi. Hayo ni ya wapelelezi, na maswali yako yanaweza hata kuharibu ushahidi. Ukisikia ni jambo la sasa, au mhalifu bado anawafikia watoto, toa taarifa kwa afisa ustawi na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kama ni ubakaji wa siku hizi mbili tatu, hospitali kwanza: dawa za kukinga VVU huanza ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu yake inapungua.

Kazi ya kulisimulia tukio lenyewe hadi lipoteze makali ipo, na inasaidia, ila si ya mkekani. Pale Moshi watafiti waliendesha makundi ya tiba ya kiwewe kwa watoto 64 waliofiwa na wazazi, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Ilikuwa mikutano 12, mmoja kila wiki, ikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Walezi walikuwa na mikutano yao. Na sehemu ya kusimulia tukio ilifanywa na mtoto mmoja mmoja, pembeni. Hao walikuwa watoto wanaorudi kwa walezi wao jioni. Sisi tunaolaza watu bweni moja tuna sababu zaidi ya kufanya hivyo hivyo.

Kelele zikiambukiza

Hili makundi ya wasichana yanalijua. Mmoja anapiga kelele, anaanguka, macho yanapinduka. Dakika chache baadaye wapo wanne. Watu watasema wamepandisha mapepo. Mambo haya si mageni kwetu. Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kujizuia; kicheko kikawashika 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi shule ikafungwa.

Kinachokuza hali hiyo ni watazamaji. Kwa hiyo punguza watazamaji. Mwendeshaji wa pili atoke na wengine, wakateke maji, wakaimbe, wakamenye viazi, chochote cha mikono. Wewe baki na mmoja, sauti ya chini, mwite jina, mwambie alipo: "Uko Iringa, ni Jumatano jioni, mimi ni fulani, umekaa kwenye mkeka wa bluu." Usimkandamize mikono wala kumkalia miguu, hata kama watu wazima watatu wanataka kusaidia kwa njia hiyo. Kwa aliyewahi kubakwa, kushikwa na watu ni tukio kujirudia. Ikiisha, apimwe joto na malaria, na akirudiwa aende hospitali kuangaliwa kifafa.

Maombi? Sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisani. Akiomba kuombewa, aombewe baadaye, kwa utulivu, akiwa na akili zake. Mkesha wa kupaza sauti juu ya msichana aliyelala chini huku bweni zima limezunguka ndiyo njia ya hakika ya kupata wanne wengine.

Usiku unaofuata

Mkutano wangu hauishi hadi nimekabidhi zamu. Matroni wa usiku hapewi habari za mtu, anapewa maelekezo: "Fulani leo ni mzito, taa ya korido ibaki. Fulani akiamka mpe maji, usimwulize ameota nini." Aliye kwenye jinamizi usimguse, muite jina kutoka mbali hadi ajue alipo. Mashuka ya akiba yawe kwenye kabati ambalo kijana analifungua mwenyewe, na beseni lipo, ili aliyekojoa abadilishe bila kupiga ripoti kwa mtu. Ndoto zinazojirudia tunazishughulikia kundini mchana kwa kuchora: upande mmoja inavyoishia, upande wa pili unavyotaka iishe. Wengine huweka polisi, wengine mabawa.

Wewe na mwenzako kaeni dakika kumi kabla ya kuondoka. Nini kimekupata, nani wa kumwangalia kesho, basi.

Usipime kundi kwa machozi wala kwa nani "amefunguka". Pima kwa usingizi, ugomvi bwenini, mahudhurio ya shule, na kama kijana ameanza kuomba msaada kabla hajavunja dirisha. Andika kidogo kila mwezi. Asiyepata nafuu baada ya mikutano yote, au anayezidi kuwa na hali mbaya, apelekwe hospitali.

Kumaliza

Vijana hawa wameachwa na watu wengi bila kuagwa. Sema tarehe ya mwisho siku ya kwanza, hesabuni kurudi nyuma pamoja, na mjitolea wa wiki tatu anayetaka kuwaanzishia kundi lake mpe kazi nyingine, bustani ipo. Kijana akiunganishwa na familia kabla ya mwisho, au akitimiza miaka 18 akaondoka, kundi lipate kumuaga, na apewe kadi ya kuingia mfukoni: namba ya makao, jina la afisa ustawi wa anakokwenda, na vitu vitatu alivyogundua vinamtuliza, kwa mwandiko wake.

Ile miti ya ukutani ni yao. Muulize kila mmoja anataka wake ufanyweje. Wengi huukunja wakaondoka nao. Anayetaka uchomwe, uchomeni pamoja. Ofisini usibakize hata mmoja kwa ajili ya ripoti ya mfadhili.